Chumba Kilichosubiri Mvua

Waliosema sitaweza walikuwa wanne, na watatu kati yao ndio walionikopesha vyombo vya kazi.

Wa kwanza alikuwa shangazi yangu wa Naviundu. Nilikuwa nimerudi kutoka Ubelgiji mwezi mmoja tu, na diploma yangu ya kazi za jamii niliitundika ukutani kwake kabla hata ya kufungua sanduku la nguo. Kesho yake nilikuta ametundika chekeche la unga kwenye msumari uleule, juu ya diploma. Hata hivyo nilimweleza nia yangu. Nilitaka kufungua chumba katika mahakama ya zoni yetu. Mume na mke waliokuja bila wakili, na karatasi walizojiandikia wenyewe, wangeketi humo wakazungumza na kupatana kabla hakimu hajaita majina yao.

Shangazi alikuwa akichambua sombe, majani ya mhogo. Alicheka mpaka akaweka majani chini.

“Weye mutoto ya kaka yangu,” alisema, “bantu bakifika ku tribinali, banatafuta kushinda. Habatafute kupatana. Kupatanisha njo kazi ya bashangazi, na siye bashangazi tulishashindwa. Weye utaweza na nini? Na ile karatasi ya Bulaya?”

Wa pili alikuwa mama mwenye baa iliyotazamana na mahakama. Yeye alipiga hesabu ya biashara yake. “Hapa kwangu bantu banakunywa mbele ya kesi na nyuma ya kesi,” alisema. “Ukibapatanisha mapema, nani atakunywa nyuma?”

Wa tatu alikuwa rafiki niliyesoma naye sekondari, sasa akifundisha chuo kikuu pale Kasapa. Alipokuja kunisalimu kwa shangazi, alisogeza chekeche, akashika diploma yangu kwa vidole viwili. “Myaka tatu tu? Hii iko diploma ao cheti ya ubatizo?”

Wa nne alikuwa karani mkuu wa mahakama. Huyo hakucheka. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia ofisini, akasubiri nitoke.

Siandiki haya kwa kujisifu bure. Ninajisifu kwa haki. Nilikwenda Ulaya bila mjomba waziri na bila kampuni ya kunishika mkono. Mchana nilisugua sufuria katika mgahawa, jioni nilisoma, na mitihani yote nilifaulu mara ya kwanza. Katika mwaka wa mwisho walinipeleka kujifunza kazi katika mahakama ya mji mdogo, na humo nikamwona mama mmoja mwenye nywele nyeupe akipokea wanandoa katika chumba chake, mmoja upande huu wa meza, mwingine upande ule, na birika la kahawa katikati. Wengi walitoka pale wameandika mapatano yao, hakimu hakuwaona kabisa. Nilijiambia: hiki ndicho nitakachorudi nacho. Wenzangu walirudi na magari.

Hakimu wetu nilimvizia Jumatatu asubuhi. Sote tulikuwa tumemaliza kuimba na kucheza mbele ya bendera, kama ilivyotakiwa siku zile, naye alikuwa akijifuta jasho kwenye kola ya abakosti yake, ile suti ya siku zile isiyo na tai. Mtu akihema hana nguvu ya kukataa. Alinisikiliza, kisha akanionyesha mlango wa chumba cha majalada. Mchwa walikuwa wamekivamia, kwa hiyo majalada yote yalikuwa yametolewa na kupangwa barazani ili yapate jua la kiangazi.

“Chumba ni chako mpaka mvua ya kwanza,” alisema. “Mvua ikianguka, dosie zinarudi ndani na weye unatoka inje. Lakini ukiniletea familia moja, moja tu, iliyopatana na kutia sahihi bila mimi kufungua mdomo, chumba kitabaki chako.”

“Na viti, sitwaye juji?” nilimwuliza, yaani mwananchi hakimu, kama tulivyotakiwa kuitana.

“Viti?” alisema hakimu, akaenda zake.

Basi nilirudi kwa walionicheka. Hapa kwetu Lubumbashi mtu anaweza kukucheka asubuhi na kukuazima kitanda jioni, tena kwa furaha, ili aone vizuri utakavyoanguka. Mama wa baa alinipa meza na viti vinne vya chuma. Rafiki wa Kasapa alinipa mashine ya kupiga chapa, nzito kama mwanakondoo aliyekufa. Shangazi alinipa birika lake na kikwembe kipya, cha bluu na ndege wa manjano, cha kufunika meza iliyojaa alama za chupa.

“Na usinirudishie birika tupu,” aliniambia. Hilo hakuwa na haja ya kulisema. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata mtoto anajua.

Karani mkuu alisimama mlangoni akinitazama nikipanga viti, viwili huku na viwili kule, kama nilivyojifunza.

“Sikia, Bulaya,” alisema, na jina hilo likanishika mahakama nzima. “Siku utatoka hapa na karatasi moja, yenye mukono ya bwana na ya bibi, mi mwenyewe nitarudisha hivi viti kwa mama wa baa. Ku kichwa.”

“Mbele ya bantu?”

“Mbele ya bantu. Saa sita.”

Wiki tatu za kwanza sikupata kitu. Wanandoa waliingia, wakakaa, wakanywa chai ya shangazi. Nilimwuliza mume, “Wewe unataka nini?” Akatazama dari. Nikamgeukia mke: “Na wewe?” Akatazama mlango. Kisha wote wawili, kama waliopatana kwa hilo tu, wakasema, “Tunataka juji.”

Kosa lilikuwa langu, na nililigundua mwenyewe. Kama kule Ubelgiji, niliwaingiza mume na mke peke yao, na ndugu nikawaambia wangoje nje chini ya jua. Lakini ndoa ya kwetu haikufungwa na watu wawili. Watu wawili wangeifunguaje? Bibi mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, “Nikisema ndiyo hapa, nitamwambia nini baba mkubwa aliye pale nje na kofia yake?” Tangu siku hiyo nikaruhusu kila upande kuingia na mkubwa mmoja. Ndimi zikafunguka. Sahihi bado hazikuja, lakini angalau sasa watu waligombana, na mahali penye ugomvi pana kazi ya kufanya.

Wakati huo joto lilikuwa limeanza kukaza. Kila asubuhi karani mkuu alitoka barazani, akanyoosha kiganja kuelekea mbinguni, akaniambia, “Bado, Bulaya. Lakini iko njiani.”

Ndipo likaja jalada la mwandishi wa uzito.

Bwana huyo alifanya kazi kwenye kampuni ya shaba, akiandika uzito wa mawe yanayotoka mgodini. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye alizaliwa hapa mjini. Mke wake alitoka upande wa Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga. Walikuwa wameoana miaka minane na walikuwa na watoto wawili. Miezi mitano kabla, mke alichukua watoto akarudi kwa mama yake. Mume aliandika mashtaka yake kwenye karatasi ya daftari la shule: mke arudi, au ndoa ivunjwe. Mke alijibu kwa mkono wake, kurasa nne. Hawakuwa na wakili. Niliyasoma yote mara tatu. Mume aliandika: “Mama mukwe anavunja nyumba yangu.” Mke aliandika: “Mume wangu anadharau mama yangu.” Hakuna aliyesema ni kwa namna gani.

Na kulikuwa na jambo ambalo hawakuliandika lakini kila mtu alilijua. Nyumba waliyopewa katika kambi ya kampuni ilikuwa ya mfanyakazi mwenye mke. Hakimu akivunja ndoa, mume angehamia vyumba vya makapera, na watoto wangeiaga shule ya kambi. Hakuna hata mmoja aliyetaka hivyo. Walikuwa wanakwenda huko tu, kama lori lililokatika breki.

Kesi yao ilipangwa Alhamisi. Niliwaita Jumatano. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa meusi upande wa Kasapa, na karani mkuu hakunyoosha kiganja, aliimba.

Mke alifika kwanza na mkubwa wake, naye ndiye mama mzazi, aliyekuja toka Kasomeno juu ya lori la samaki wakavu. Mama huyo hakungoja kuonyeshwa kiti. Alikaa, akaweka mikono juu ya ndege wa manjano, akatazama kiti kilicho mbele yake.

Kiti hicho kilikuwa cha mkwe wake.

Mimi ni mtoto wa hapa. Nilijua tangu nikiwa mdogo kwamba mwanamume hakai uso kwa uso na mama mkwe. Lakini Ulaya ilikuwa imenifundisha kwamba meza ni meza, na sikufikiri hata kidogo. Mume akaingia na jalada lake mkononi, pamoja na baba yake mdogo. Akamwona mama. Akafunika uso kwa jalada, akarudi kinyumenyume kwa kasi, akamgonga karani mkuu aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai.

“Eh!” karani alipiga kelele, chai ikimtiririka tumboni. “Kesi inaanza na kukimbia!”

Mama akasimama. “Munaona? Munaona, bantu? Myaka munane ananikimbia sawa vile niko simba! Akinikuta ku soko, anaingia mu muferezi!”

Kutoka barazani, nyuma ya ukuta, tulisikia sauti ya mume. Hakusema na mama, maana kusema naye moja kwa moja pia hakukuwezekana. Alisema na mtu aliyekuwa karibu. “Karani, umwambie mama: hapana kukimbia. Iko heshima.”

Karani mkuu alitazama huku na huku. Hakuwa na pa kupita. “Anasema iko heshima,” alisema.

“Umuulize,” mama alijibu, “heshima gani ile haiwezi kugonga mulango yangu myaka munane?”

“Anauliza—”

“Nimesikia,” ilisema sauti ya nje. “Umwambie, kwetu mutu ya adabu hasogee karibu na mama mukwe. Na miye kila mwaka naongeza mita.”

Watu wote barazani wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilisikia ngurumo ya kwanza, ya mbali, na kwa sababu katika maneno hayo nilisikia kitu. Niliondoa birika na mashine ya chapa, nikavuta kikwembe cha shangazi kutoka mezani, nikakifunga kwa kamba toka ndoano ya ukuta mmoja hadi msumari wa ukuta wa pili, katikati ya chumba. Mama na binti yake nikawaweka upande wa dirisha. Mume na baba yake mdogo wakaingia upande wa mlango. Mimi nilisimama kwenye ncha ya kitambaa, nikiona pande zote mbili. Karani mkuu nilimwomba aendelee na kazi yake ya kupeleka maneno, kwa kuwa ameianza vizuri.

“Miye nalipwa kwa kuandika,” alinong’ona.

“Leo unalipwa kwa kusema,” nilimwambia.

Nilimwomba mama aeleze kwao mkwe mwema hufanya nini. Alieleza, na karani akapeleka. Kwao, mwanzoni mkwe hujificha, na ni vizuri ajifiche. Lakini baada ya miaka michache, akishapata watoto, hujitokeza siku moja na sahani ya chakula na kitambaa. Humfunika mama mkwe mapaja kwa kitambaa hicho, wanakula pamoja, na tangu siku hiyo kujificha kunakwisha. Anakuwa mtoto wa nyumba. Mwanamume asiyefanya hivyo anasema kwa vitendo kwamba binti ni wa kuazima tu. Siku yoyote anaweza kumrudisha.

Upande wa mlango mume aligeuka kumtazama baba yake mdogo. Kisha baba mdogo, mzee mwenye koti zito kwa joto lile, akasema taratibu, “Kwetu ile kitu haiko. Kwetu, kujificha hakuishe mpaka kufa. Tulimufundisha vile.”

“Basi bibi yake hakumwambia?” karani aliuliza, na hapo hakuna aliyemtuma. Alikuwa amesahau kwamba yuko upande wa mvua.

 Mke alisema akiwa ameinama. “Ile kitu mwanamuke haiombake. Ukiomba, haina maana tena. Mume njo anajua. Miye nilingoja. Kila Sikukuu mama alikuwa ananiuliza, ‘Bado?’ Nikamujibu, ‘Bado.’ Mwisho nilichoka kujibu.”

Nyuma ya ndege wa manjano mume alishusha jalada. “Weye mama ya batoto,” alisema, na hakumtumia karani, “miye nilikuwa nafikiri niko nafanya muzuri.”

“Najua,” mke alisema. “Sasa najua.”

Ngurumo ya pili ilikuwa juu yetu. Upepo uliingia, majalada yakaanza kupepea barazani. Mume akasema Jumapili atapanda lori hadi Kasomeno afanye yote yanayotakiwa.

“Umwambie leo,” mama alisema. “Lori yangu inaenda saa nane, na miye siko tena na myaka munane ya kungoja.”

Chakula kililetwa na mama wa baa, ambaye tayari alikuwa amevuka barabara kusikiliza: bukari, ugali wetu, na samaki kwenye sahani ya mabati. Kitambaa hakikuwapo. Maduka yalikuwa mbali. Mume alinitazama, kisha akakitazama kikwembe kilichokuwa kimemficha. Nilifikiri kuhusu shangazi yangu kwa muda wa kupiga chafya mara moja.

“Chukua,” nilisema.

Alifungua fundo la kitambaa upande wa msumari, kisha la upande wa ndoano. Kitambaa kikashuka, na kwa mara ya kwanza walionana, yeye na mama yule, hatua mbili kati yao.  Alipiga magoti, akamfunika mapaja, akasogeza sahani. Mama alimega bukari, akachovya, akala, akamsogezea sahani.

“Kula, mutoto,” alisema. “Umekonda. Kukimbia kunakondesha.”

Nilipiga chapa mapatano haraka kuliko nilivyowahi kupiga chapa maishani. Mke na watoto watarudi kambini Jumamosi, wakati wa likizo za shule familia nzima itakwenda kwa mama Kasomeno, mashtaka yameondolewa. Mume alitia sahihi. Mke alitia sahihi. Baba mdogo alitia sahihi. Mama alikuwa anabonyeza kidole gumba chenye wino pale mvua ilipopiga bati la paa kama changarawe iliyomwagwa kutoka kwenye gari.

Hakimu alitoka ofisini mbio, si kwa ajili yangu bali kwa ajili ya majalada. Nilimwekea karatasi mbele ya pua. Aliisoma akiwa amesimama, mvua ikimlowesha bega moja. Aliisoma mpaka kidole gumba.

“Wino bado mubichi,” alisema.

“Mvua pia, sitwaye juji.”

Alitazama ndani: meza ya baa, mama wa Kasomeno akimlisha mkwe wake, kamba ikining’inia tupu. “Karani mkuu,” alisema, “dosie zote ziende ku biro yako.”

“Ku biro yangu? Na miye nitakaa wapi?”

“Hapa. Nimesikia unajua kupeleka maneno.”

Sote tulibeba majalada, mume, mke, baba mdogo, mama wa baa, na hata hakimu. Mama wa Kasomeno hakubeba kitu. Alikaa na kikwembe chake mapajani, akituelekeza.

Hivyo nilikipata chumba, na msaidizi mzuri. Jalada la pili lilimalizika wiki iliyofuata, na baada yake sikuyahesabu. Miezi michache baadaye seremala alileta meza na benchi za mahakama yenyewe, mbao nzito zinazonukia bado. Niliomba ruhusa ya siku moja, nikavaa abakosti yangu ya kijivu, na nikaenda kumlipa kila aliyenikopesha.

Saa sita kamili karani mkuu alitoka na viti vinne kichwani, viwili viwili, safari mbili, na wanandoa waliokuwa wakingoja zamu wakampigia makofi. Mimi na seremala tulifuata na meza. “Weka hapa, karani,” mama wa baa alisema. “Kichwa yako inafaa viti kuliko kesi.” Juu ya meza niliweka fungu la samaki wakavu, maana gunia zima lilikuwa limefika kwa lori kutoka Kasomeno. Aliwapokea bila kulalamika. Waliopatana walikuwa wanakunywa kwake familia mbili kwa pamoja, na yeye ndiye aliyekuwa akiwatuma wateja wake waje kwangu.

Kasapa nilikwenda kwa miguu, mashine begani, na utepe mpya ndani yake. Nilikuwa nimeacha nakala ya mapatano yale kwenye roli ya mashine, majina yakiwa yamefutwa. Rafiki yangu aliisoma, akaisoma tena.

“Hii naweza kuonyesha banafunzi?”

“Uwaambie imeandikwa na cheti ya ubatizo,” nilimjibu.

Naviundu nilifika jioni. Birika lilikuwa limejaa samaki mpaka mdomoni. Shangazi alilinusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akafunua kikwembe nilichomnunulia, cha bluu, chenye ndege wa manjano, nilichokitafuta maduka sita.

“Hii haiko ile yangu.”

“Ile yako iko Kasomeno, shangazi. Mama mukwe anaivaa ku misa.”

“Najua. Mutaa yote inajua, miye njo niliwaambia.” Alikifunga kiunoni, akajigeuza kulia na kushoto. Kisha akaenda ukutani, akaondoa chekeche lake kwenye msumari wa diploma yangu, akalifuta unga kwa mkono, na kuingia nalo jikoni kutuandalia bukari.